Kidunda, Rufiji, Kimbiji, bahari au bomba linalovuja: pesa ya maji ya Dar ianzie wapi?

Mkutano wa mtaa wetu uliitishwa kwa ajili ya taka na barabara. Maji yaliingia kwenye "mengineyo", kama kawaida yake, yakala saa nzima. Mwenyekiti alitaka tukubaliane neno la kupeleka kwenye kikao cha wadau: kwa miaka ishirini ijayo, jiji likazanie chanzo gani? Mzee mmoja akasema bwawa. Kijana mwenye duka la vifaa vya ujenzi akasema Rufiji, kwa sababu Rufiji haikauki. Mwingine akaitaja bahari, kwamba tumekaa nayo mlangoni halafu tunalia kiu. Ndipo mama ntilie wa pale stendi akanyoosha mkono: "Mwenyekiti, samahani. Hilo bwawa likijaa, mimi dumu nitanunua shilingi ngapi?"

Watu wakacheka. Mimi nilipewa kazi ya kuandika hilo neno la mtaa, kwa hiyo sikucheka. Tangu siku ile nimekuwa nikivipima vyanzo hivi kimoja baada ya kingine, na kila mara nakuta swali la mama ntilie ndilo kipimo kizuri kuliko vyote. Mengine niliyoongeza ni madogo tu: maji hayo yapo Oktoba, mto ukiwa umekonda? Yanaingia jijini kwa upande gani? Na yataanza kutoka lini?

Kwanza tulipo. Karibu maji yote ya bomba ya Dar es Salaam yanatoka mto Ruvu, unaoshuka kutoka milima ya Uluguru. Mitambo mikubwa ni miwili. Ruvu Juu, pale Mlandizi, ulipanuliwa kutoka lita milioni 82 kwa siku hadi milioni 196. Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, kutoka milioni 182 hadi milioni 270. Jumla lita milioni 466 kwa siku. Kuna pia Mtoni, mtambo mdogo unaotegemea mto Kizinga, na visima vya hapa na pale. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani. Ukimpa kila mmoja lita 100 kwa siku unahitaji lita milioni 538, na hujagusa viwanda, hoteli, wala Kibaha na Bagamoyo wanaochota kwenye mabomba yaleyale. Sensa ya 2012 ilikuwa na watu 4,364,541. Mwendo huo ukiendelea hivyohivyo, 2042 tutapita milioni 8.

Sasa angalia kasoro iliyojificha kwenye hesabu hiyo. Mitambo yote miwili mikubwa inachota moja kwa moja kwenye mto. Hakuna ghala nyuma yake. Vuli ikichelewa, mto unashuka na mtambo unashuka nao, hata uwe mpya kiasi gani. Ndicho kilichotokea Oktoba 2022, pale aliyekuwa mkuu wa mkoa, Amos Makalla, alipotangaza mgao. Mnaokumbuka mnakumbuka: bomba linakoroma saa nane usiku, linatema hewa kwanza, halafu kutu, halafu maji kidogo, na nyumba nzima iko macho na ndoo.

Kidunda na Rufiji

Hivi ndivyo vinavyobishaniwa zaidi, na watu huvilinganisha vibaya, kwa kuuliza wapi kuna maji mengi.

Bwawa la Kidunda, Morogoro Vijijini, ni dawa ya ugonjwa nilioutaja hapo juu. Limezungumzwa tangu wengi wetu hatujazaliwa. Mkataba wa ujenzi ukasainiwa Novemba 2022 kwa zaidi ya shilingi bilioni 329. Litahifadhi lita bilioni 190, na pembeni litazalisha megawati 20 za umeme. Gawanya lita bilioni 190 kwa zile lita milioni 466 za kila siku: unapata siku 407. Yaani kwa hesabu ya mezani, mitambo yetu miwili inaweza kunywa bwawa hilo zaidi ya mwaka mzima bila mvua. Mezani, nasema. Jua litachukua lake, tope litakaa chini, wakulima na mto wenyewe wana haki yao, na maji yatasafiri kwa mto ule ule hadi Mlandizi na Bagamoyo, si kwa bomba. Hata hivyo ukitoa yote hayo, Oktoba inapita.

Jambo ambalo wengi pale mkutanoni hawakulijua ni hili: Kidunda halileti lita hata moja zaidi ya milioni 466. Linahakikisha zile milioni 466 zinapatikana kila siku badala ya miezi kadhaa tu. Ni bima. Ili bwawa limhudumie mtoto atakayezaliwa 2035, itabidi mitambo ipanuliwe tena na mabomba makuu yaongezwe, na hiyo ni bajeti nyingine inayosubiri nyuma ya ile ya kwanza.

Rufiji ni kinyume chake. Huko maji si tatizo kabisa. Ukichota mita za ujazo 5 kwa sekunde umepata lita milioni 432 kwa siku, karibu Ruvu zote mbili, na mto wa ukubwa ule haushtuki. Wanaoogopa kwamba tutaunyima maji umeme wa Bwawa la Nyerere nao wanaweza kupumua: ukichota chini ya bwawa, maji yanakuwa yameshazungusha mitambo ya megawati 2,115. Tena bwawa hilo, lililoanza kujazwa Desemba 2022, linautuliza mto, kwa kuwa mitambo ikifanya kazi Oktoba, maji yanateremka Oktoba. Na chanzo chake ni milima mingine, mabonde mengine. Kilombero, inayoilisha Rufiji, haina habari na Uluguru. Leo jiji zima linakunywa kwa kata moja ya kuchotea. Rufiji ingekuwa kata ya pili.

Kinachouma ni bomba na umeme wa kusukuma. Kutoka Daraja la Mkapa hadi mjini ni zaidi ya kilomita 150 kwa barabara ya Kilwa. Bomba la Ruvu Chini, kwa kulinganisha, lina kilomita zipatazo 56. Karibu mara tatu ya urefu, kwa kipenyo kikubwa, pamoja na vituo vya kusukumia, mtambo mpya wa kusafisha na matenki. Gharama hiyo haiishii siku ya kukata utepe. Inaingia kwenye bili ya umeme kila mwezi, na mlipaji wa mwisho ni mwenye mita.

Lakini Rufiji ina faida moja ambayo naipenda kuliko wingi wake: inaingia kwa upande wa kusini. Maji ya Ruvu Chini yanakuja kwa upande wa barabara ya Bagamoyo hadi matenki ya Chuo Kikuu. Ya Ruvu Juu yanapita Kibaha na Kibamba hadi Kimara. Ukiwa Mbagala, Chamazi au Kitunda, uko mkiani. Kila anayekutangulia anachota kwanza, na wewe unapata presha iliyobaki. Bomba la Rufiji lingepita Mkuranga na kuingia mlango wa nyuma, na wa mwisho wangekuwa wa kwanza.

Kati ya hivi viwili, basi, Kidunda kwanza. Si kwa sababu ni kizuri zaidi. Ni kwa sababu mitambo na mabomba yake tayari yapo, yamelipiwa, na kila kiangazi yanakaa na njaa. Rufiji ni ya kusanifu sasa na kutenga njia ya bomba sasa, kabla watu hawajajenga juu yake. Hilo la kutenga njia ni la bei ndogo na ndilo tunalolisahau kila mara, halafu tunakuja kulipa fidia za nyumba za ghorofa.

Kimbiji na bahari

Vyanzo hivi viwili viko upande mmoja, Kigamboni na pwani yake, na vyote vinavutia kwa sababu viko karibu. Hapa sitachelewa.

Mradi wa Kimbiji na Mpera ulipangwa kuwa visima virefu 20, kumi na viwili Kimbiji na vinane Mpera, vingine vya mita 600 kwenda chini, na matarajio ya lita milioni 260 kwa siku. Mradi wa Kigamboni uliozinduliwa Novemba 2022, mgao ukiwa umepamba moto, ulitajwa kuwa wa lita milioni 70 kwa siku, na tenki la lita milioni 15 pale Kisarawe II. Tofauti ya 260 na 70 iweke moyoni kila unaposikia namba ya mradi ambao haujajengwa. Hata hivyo hizo 70 si haba: hazijali mto Ruvu umeshuka au umepanda.

Tahadhari yake anaijua kila aliyechimba kisima Mbezi au Kunduchi akapata maji ambayo sabuni haitoi povu. Karibu na bahari, ukivuta kuliko ardhi inavyojaza, chumvi inakufuata. Visima virefu vimepita tabaka nyingi na haviko kwenye hatari ile ile ya vile vifupi, ila vinatakiwa vipimwe kila mwezi, kina na chumvi, na takwimu ziwekwe hadharani. Mimi ningevitumia kama akiba: kuvuta wastani mwaka mzima, kukaza Oktoba.

Kuchuja maji ya bahari kunapendeza kwenye hotuba. Mitambo mizuri ya siku hizi inakula kiasi cha uniti 3 hadi 4 za umeme kwa kila lita 1,000. Chukulia umeme wa bei nafuu, shilingi 200 kwa uniti: tayari ni shilingi 600 hadi 800 kabla hujalipia vichujio, dawa, mafundi, wala mkopo wa kujengea. Halafu kuna maji ya chumvi kali yanayobaki, ambayo lazima yarudishwe baharini bila kuua samaki wa watu. Cape Town, ilipokaribia kukaukiwa mwaka 2018, ilifunga mitambo midogo ya muda ya aina hii. Lakini kilichoiokoa zaidi ni watu kubanwa kwenye lita 50 kwa siku kila mmoja. Nchi isiyo na mito inachuja bahari kwa sababu haina pa kwenda. Sisi tuna Ruvu, tuna Wami, tuna Rufiji. Kwa Dar, bahari naiweka mwisho wa orodha, na kwa miaka ishirini hii naiacha hukohuko.

Bomba linalovuja

Hapa ndipo nilipoachana na wenzangu mkutanoni.

Greda la barabara lilipokwangua bomba la inchi mbili pale mtaani kwetu, maji yalitoka wiki tatu. Simu zilipigwa, kila aliyepokea akasema si yake, ni ya yule mwingine. Bodaboda wakapata pa kuoshea pikipiki, bata wa jirani wakahamia. Siku moja nikaenda na dumu la lita 20 na simu yenye saa. Nililikinga pale maji yanapochirizika kutoka mtaroni; likajaa kwa sekunde 40.

Fanya hesabu nami. Nusu lita kwa sekunde ni lita 43,200 kwa siku. Ni madumu 2,160. Ni uniti 43 za maji kila siku (uniti ya maji ni lita 1,000), na kwa wiki tatu ni zaidi ya uniti 900. Kwa kipimo cha lita 100 kwa mtu, tundu lile lenye upana wa kidole lilikuwa linakunywa maji ya watu 432. Na mita 300 kutoka pale, mama ntilie yuleyule alikuwa ananunua dumu kwa mwenye mkokoteni.

Ripoti za EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, za miaka ya karibuni zimekuwa zikionyesha kwamba theluthi moja hivi au zaidi ya maji yanayozalishwa jijini haileti mapato. Shabaha nzuri ni asilimia 20. Ukishuka kutoka 35 hadi 20 kwa uzalishaji wa lita milioni 500, umepata lita milioni 75 kwa siku: mradi mwingine wa ukubwa wa Kigamboni, ambao maji yake tayari yameshasafishwa, yameshatiwa dawa, yameshasukumwa hadi Kimara.

Niwe mkweli lakini, maana hapa nako watu hudanganyana. Maji yasiyo na mapato si yote yanamwagika. Kuna yanayovuja, kuna yanayoibwa kwa mabomba ya kuunga usiku, na kuna yanayopita kwenye mita zilizokufa. Ukibadilisha mita iliyokufa hupati lita mpya, unapata pesa. Ukimkamata mwizi huenda akapunguza, huenda akawa mteja wa halali anayetumia vilevile. Kwa hiyo zile lita milioni 75 zigawe, usizitie zote kwenye ndoo ya mama ntilie. Lakini hata ile sehemu ya pesa ndiyo inayolipa mafundi wa kuziba sehemu ya maji, jambo ambalo bwawa haliwezi kulifanya kwa miaka yake ya kwanza kumi.

Sababu kubwa ya kulitanguliza bomba ni hii, na sijasikia mtu akiisema. Bomba bovu linalopata maji siku mbili kwa wiki linavuja siku mbili. Kidunda likikamilika na maji yakaja siku saba, litavuja siku saba, tena kwa presha kubwa. Bima tuliyoinunua kwa bilioni 329 itaanza kumwagika mitaroni kuanzia asubuhi ya kwanza. Na mgao nao unaharibu mabomba: maji yakikatwa, hewa inaingia na uchafu wa mtaroni unanyonywa kwenye viungio, yakirudishwa kwa kishindo, viungio vinaachia.

Kazi yenyewe haina picha ya kupiga. Unagawa mtandao kwenye kanda ndogo, kila kanda na mita yake kubwa, halafu unasoma saa nane usiku watu wamelala: kinachopita saa hizo ni kinachovuja. Kwetu hata hilo lina kikwazo, kwa sababu saa nane usiku ndiyo saa simtanki zote za Dar zinajazwa. Kwa hiyo kanda ya kwanza kupimwa inabidi ipewe maji mfululizo wiki kadhaa, matenki yajae, ndipo usome. Inataka subira na fundi anayejua mtaa wake. Phnom Penh ilianza 1993 ikipoteza asilimia 72 ya maji yake. Haikupita miaka ishirini ikawa kwenye asilimia 6 hivi. Walifunga mita kila nyumba, wakawabana hata wakubwa waliozoea kutolipa, wakawapa zawadi wafanyakazi waliofichua mivujo na wizi. Mji maskini uliotoka vitani. Sisi tulijaribu njia ya mkato ya kukabidhi kampuni binafsi mwaka 2003, mkataba wa miaka kumi ukavunjwa 2005, na mabomba yakabaki yaleyale.

Neno la mtaa

Nilichoandika ni hiki. Kidunda limalizwe, asiyelitaka hajawahi kukesha na ndoo. Sambamba nalo, shilingi inayofuata iende kwenye mabomba ya mitaani na matenki ya kanda za mkiani, kama lile la Bangulo la lita milioni 9, kabla ya chanzo kingine chochote. Visima vya Kigamboni vibaki akiba na vipimwe. Rufiji isanifiwe na njia yake iwekewe mipaka, ujenzi uanze pale upotevu utakapokuwa umeshuka hadi robo, si kabla. Bahari isubiri.

Kijana wa duka la vifaa hakufurahi. Anaona robo haitafikiwa na Rufiji itachelewa kwa sababu ya uvivu wa watu wa viraka. Huenda yuko sahihi. Hilo sharti la robo ndilo jambo ninalolitilia shaka mwenyewe kwenye karatasi yangu, na akileta namba bora nitalifuta.

Kuhusu swali la mama ntilie, nilimjibu kwa hesabu. Uniti moja ya maji ni madumu 50. Ukinunua dumu kwa shilingi 300, umelipa 15,000 kwa maji ambayo mwenye bomba analipia kiasi kisichofika 3,000. Bwawa peke yake halibadilishi bei hiyo hata kwa senti, kwa sababu yeye hana bomba. Atabadilishiwa na bomba linalofika kibandani kwake, au gati la maji la mtaa lenye tenki na bei iliyobandikwa. Nikamsomea karatasi yote kabla sijaipeleka kwa mwenyekiti. Alisikiliza huku akichambua mchele, akaniuliza kama bado kuna nafasi chini.

"Ipo, mama."

"Basi ongeza na saa, mwanangu. Wakileta hayo maji waandike na saa yanayotoka. Mimi naamka saa kumi kuwasha moto, siwezi kuamka na saa nane."

Nimeongeza.